Jiko Lisilo na Vitunguu

Nyumba ile ya Tororo ilikuwa na milango mitatu ya vyuma na makufuli manne. Nilihesabu siku ya kwanza, nikarudia ya pili, maana kufuli lisilo na mlango humpa mtu mawazo. La nne nililikuta kwenye stoo ya mchele na choroko. Funguo zote alikuwa nazo mwenye nyumba, bibi wa Kihindi wa miaka sabini na kitu, amezifunga kwenye pindo la sari upande wa kushoto. Akitembea zilikuwa zinalia kabla hajafika. Hiyo ndiyo faida pekee niliyokuwa nayo mle ndani: sikuwahi kushtukizwa.

Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Kenya, na kazi yangu ni kuvuka. Wakati huo nilikuwa naenda Tororo na mafurushi ya mboga za majani, kunde, mrenda na sukuma, narudi na choroko na simsim. Kunde zikiwa kwetu ni kunde tu. Zikifika Uganda zinakuwa kunde za Kenya, na hapo ndipo unaanza kuongea vizuri na mnunuzi. Bibi yule alikuwa mteja wangu wa Jumanne. Alichukua mafungu kumi kila wiki, na kila fungu alilifungua akahesabu vishina. Mimi nilikuwa nimeshavihesabu nyumbani, na bado nilivihesabu tena pamoja naye, kwa macho. Tulielewana kwa miaka kumi bila kuaminiana hata siku moja, na sijui urafiki gani mwingine wa sokoni ulio bora kuliko huo.

Jumanne ile ugonjwa ulikuwa umeshajaa kwenye redio. Nilivuka asubuhi nikijua mambo ni mabaya, lakini kunde zilikuwa zimeshachumwa, na kunde hazisubiri tangazo. Jioni tangazo likaja: hakuna gari la abiria, hakuna pikipiki kubeba mtu, na mpakani yapite malori ya mizigo peke yake. Kesho yake nilishika barabara ya Busia kwa miguu, begi kichwani. Nje kidogo ya mji nikakuta gogo limelazwa barabarani na kijana amekaa juu yake na fimbo. Aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia kwetu. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwonyesha kwa mkono. Naye akanyoosha fimbo yake upande niliotoka, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni msikitini.

Njia za panya nazijua zote. Lakini siku zile kila kijiji kilikuwa kimeapa kumripoti mgeni, na mgeni nilikuwa mimi. Nikarudi nikapiga hodi kwa mteja wangu.

Mpishi wake, mama mmoja wa kijiji cha Kirewa, alikuwa ameondoka alfajiri kabla barabara hazijafungwa. Bibi alisimama ndani ya mlango wa chuma, mimi nje, na simu mkononi mwake ikisema kwa sauti ya mwanawe aliyekwama Kampala. Masharti yalitoka kwenye simu: niingie, nipike, nilale chumba cha mpishi. Kutoka hakuna. Nikitoka hata hatua moja, sirudi, kwa sababu nitakuwa nimebeba ugonjwa.

"Kwa muda gani?" niliuliza ile simu.

"Wiki mbili," ilijibu.

Niliingia. Nyumbani nilikuwa nimemwacha binti yangu wa darasa la tano kwa mama yangu, na nilimpigia nikamwambia wiki mbili. Naye alirithi tabia yangu. Akaniuliza, "Wiki mbili za kuanzia leo au kesho?"

Sasa, kuhusu jiko. Bibi hakula nyama, hakula samaki, hakula yai. Hayo nilikuwa nayajua, na nilijisemea ni rahisi, maana hata sisi nyama tunaila Krismasi na matangani. Nililokuwa silijui ni kwamba hakula kitunguu wala kitunguu saumu. Mimi, mama mboga wa miaka kumi na mitano, nilikuwa sijawahi kupika kitu kisichoanza na kitunguu kwenye mafuta. Nilisimama mbele ya sufuria mikono imenining'inia kama mtu aliyeombwa aimbe wimbo asioujua.

Nikachemsha choroko, nikatia chumvi na nyanya. Alinusa, akaonja vijiko vitatu, akasukuma sahani.

"Mama, kuna nini?"

"Hapana kitu. Hii maji ya kuoshea choroko."

Kesho yake vitatu. Keshokutwa viwili. Nilikuwa nahesabu kwa sababu mwanawe alipiga simu kila saa nane mchana, na swali lake lilikuwa moja tu: "Amekula?" Nilianza kwa kumjibu ndiyo. Halafu nikaona bangili. Alivaa sita mkono wa kulia, na siku niliyoingia zilikuwa zinakomea kifundoni. Wiki ya tatu akiinua mkono ziliteremka mpaka karibu na kiwiko, zote sita. Nilizihesabu tena nikitumaini kwamba moja imepotea na hiyo ndiyo sababu ya kulegea. Zilikuwa sita.

Wiki mbili zilikuwa zimeshapita na serikali ikaongeza. Ikaongeza tena. Asubuhi nilisimama kwenye mlango wa chuma wa uani nikaangalia jiwe la Tororo, ule mwamba uliosimama juu ya mji, na nguo za majirani. Hapo ndipo nilipozoeana na askari wa getini, mzee wa kijiji kinachoitwa Kwapa, ambaye naye alikuwa amefungiwa, ila upande wake wa chuma. Alikuwa na kibanda, mfereji wa maji, kiti kimoja na maoni mengi.

"Wewe Mukenya," alisema siku moja, "hiyo mama inakonda."

"Naona, Mzee."

"Unamupikia nini?"

"Choroko. Kunde. Hataki."

"Kunde unapika namna gani?"

Nikamweleza kuhusu kitunguu. Akanitazama kama mtu anayetazama gari jipya likisukumwa.

"Nyanya yako alikuwa na kitunguu?"

Niliwaza. Nyanya yangu, kule vilima vya Samia, hakuwa na kitunguu. Hakuwa na mafuta pia. Kunde zake zilikuwa laini kama siagi, nyeusi zikiangaza, na ndani yake mlikuwa na vitu vitatu: maziwa, simsim iliyosagwa, na chumvi ya majivu. Nilikuwa nimekula hivyo mpaka nikavunja ungo, halafu tukahamia mjini na kitunguu kikaingia, na mimi nikadhani kilikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia.

"Hata sisi kwetu Kwapa hivyo," alisema. "Nyinyi mulitoa kwetu."

"Mlitoa kwetu, Mzee."

"Nyinyi muliingia hapa lini?"

Hatukulimaliza hilo, wala halijaisha mpaka leo. Lakini mchana ule ule niliambiwa jambo jingine. Bibi alikuwa kwenye stoo anatafuta, anafungua mikebe, anaifunga. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema chumvi ya papadi, vile vimkate vyembamba vikavu vya Kihindi. Si chumvi ya kawaida, nyingine, inauma ulimi kidogo, inalainisha unga. Ilikuwa inatoka Kampala na imekwisha.

"Inauma namna gani, Mama?"

Alitoa ulimi nje, akaugusa kwa kidole, akakunja uso. Nilimwelewa kuliko siku yoyote aliyotumia maneno.

Nilikusanya maganda makavu ya maharage na ya ndizi, nikayachoma uani mpaka yakawa majivu meupe. Kinachotakiwa baada ya hapo ni mkebe uliotobolewa matundu chini. Unatandika nyasi kidogo, unajaza majivu, unamwaga maji pole pole, na unatega bakuli. Yanayodondoka yana rangi ya chai isiyo na maziwa. Mkebe sikuwa nao. Nilimwomba Mzee, naye akanipitishia wake chini ya chuma, mkebe wa bati wa kilo mbili, matundu yamepangwa vizuri kwa msumari. Nilimsifu. Akasema anautumia miaka minne.

Nikamwonjesha bibi tone moja kutoka kwenye kijiko. Alifumba macho.

"Hii umenunua wapi?"

"Nimechoma maganda."

Akaniambia nichemshe maji, nitie bizari nyembamba na pilipili mbichi, nitie yale maji ya majivu vijiko viwili, halafu unga wa mchele, nisonge. Yeye alikuwa kwenye kiti mlangoni, magoti hayamruhusu kusimama jikoni, miaka mingi sasa. Nilisonga. Nilikuwa nasonga ugali, tusidanganyane. Alikiita khichu. Mchele badala ya mahindi, lakini mwiko ni ule ule, jasho ni lile lile, na ukiacha kugeuza kinashika chini vile vile.

Alikula vijiko kumi na vinne. Nilivihesabu mara mbili, mara moja vikipanda na mara moja kichwani baadaye.

Kuanzia hapo jiko likafunguka. Nilipika kunde za nyanya yangu, akasema mama yake alipika majani ya magimbi hivyo hivyo, na simsim. Nilipika magira, ile rojo ya kunde zilizokobolewa ambayo watu wa Kirewa hupika kwa maji ya majivu mpaka zinayeyuka.

"Hii dal," alisema.

"Hii ni magira, Mama."

"Dal. Ya Gujarat."

"Basi muulize mpishi wako akirudi. Atakwambia ya Kirewa."

"Yeye miaka kumi na tano hapana pika hii kwangu."

"Alidhani huwezi kula chakula cha kwao."

Aliendelea kula. Kijiko cha tisa, cha kumi. "Mjinga," alisema, na sikujua anamsema nani kati ya watu watatu.

Bangili zikaanza kurudi zilikotoka. Mwanawe akiuliza "Amekula?" nilikuwa nampa idadi. Naye siku moja akasema, akicheka kwa furaha, kwamba sasa mama yake amekataa chakula alichomwagiza jirani ampelekee, amesema anakula kwa mkono wa mama mboga tu. Aliisema kama habari njema. Nilikaa chini nikiwa bado na simu. Nilikuwa nimejifungia mlango wa nne kwa mwiko wangu mwenyewe.

Maana orodha zilikuwa zimeanza. Wakenya waliokwama walikuwa wanaandikishwa, wanakusanywa na gari, wanavushwa Malaba, wanawekwa siku kumi na nne, wanarudi kwao. Mzee alinipelekea jina langu kwenye orodha ya kwanza. Nilipomwambia bibi, hakukataa. Angekataa ningejua la kufanya, kwa sababu anayekataa ameshaanza mazungumzo. Alisema tu, "Nenda," akaingia chumbani, na chakula cha jioni hakukigusa, na cha asubuhi hakukigusa. Gari lilikuwa la saa tano. Saa tano nilikuwa jikoni nakuna nazi.

Binti yangu nilimwambia wiki ijayo. Alisema, "Sawa, mama." Hakuuliza kuanzia leo au kesho. Wiki iliyofuata alisema sawa tena. Halafu akaacha kuja kwenye simu; mama yangu alisema yuko nje anacheza. Nilimjua mtoto wangu. Alikuwa hayuko nje. Alikuwa amemaliza kuhesabu.

Nilisikia gari la orodha ya pili litatoka Alhamisi, wiki ya kumi na moja. Jumatatu mchana nilikuwa nimesimama kwenye chuma cha uani. Mzee alikuwa mferejini ameinama, ana mkebe mkononi anautikisa chini ya maji, ule mkebe. Ndani mlikuwa na mukene, vile visamaki vidogo vya ziwa ambavyo upande wetu tunaviita omena. Mchanga ulikuwa unatoka kwa yale matundu, ukiacha samaki safi.

"Mzee. Unafanya nini na huo mkebe?"

"Naosha mukene. Iko muchanga mingi."

"Huo si ndio mkebe wa majivu?"

"Ndiyo hiyo. Mimi nakupatia, wewe unarudisha, mimi naosha mukene, kesho nakupatia tena." Alitikisa tena. "Kwani kwenu munatumia mikebe ngapi?"

"Mmoja," nilisema.

Na ni kweli. Kwetu kila nyumba ina mkebe mmoja wenye matundu, wa majivu na wa omena. Unaoshwa, unaanikwa, kesho unafanya kazi nyingine. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba omena ni nyama, atakuuliza umesikia wapi. Mtu aliyekula omena jioni anaweza kukwambia bila kupepesa macho kwamba mwezi mzima hajaonja nyama. Kwa wiki sita niliupokea ule mkebe mikononi mwa mtu anayekula mukene kila siku, na pua yangu, ambayo inajua nyanya ya jana na ya juzi, haikuniambia chochote, kwa sababu mkebe ulinuka kama mkebe unavyopaswa kunuka.

Nilihesabu nimetengeneza maji ya majivu mara ngapi. Tano. Nikahesabu tena, nikakumbuka ile ya magira. Sita.

Sasa nilikuwa na neno mdomoni, na nililipima usiku kucha kama ninavyopima gunia la mtu nisiyemjua. Nisipomwambia, ataendelea kula, na mimi nitaendelea kupika, na orodha zitaendelea kupita nje ya chuma. Nikimwambia, hatakula tena kwa mkono wangu, na mtu ambaye mkono wake hauliwi hana sababu ya kuzuiwa. Ilikuwa haki yake kujua. Ilikuwa pia ufunguo wangu. Mpaka leo nikijiuliza nililisema kwa sababu ipi, napata majibu mawili, na nikihesabu tena napata mawili yale yale.

Jumanne asubuhi nilimwambia, yeye kwenye kiti chake cha mlangoni, mimi nimesimama. Nilisema yote: mkebe, mukene, Mzee, mimi. Sikumtupia Mzee lawama. Yeye aliombwa mkebe akatoa mkebe.

Alisikiliza akiangalia sakafu.

"Mara ngapi?"

"Sita."

"Hesabu tena."

"Nimeshahesabu tena, Mama. Sita."

Kisha akasema vyombo vyote vitoke. Nilivitoa uani: sufuria tisa, vifuniko saba, miiko minne, sahani, bakuli, hata kile kijiko nilichomwonjeshea. Akasema nivisugue. Sabuni hakuitaka. Alitaka majivu, kama mama yake alivyosugua shaba, na kama nyanya yangu alivyosugua masufuria. Nikachoma maganda mengine, nikasugua, yeye akikagua kimoja kimoja. Hakuna aliyecheka.

Siku ile alikunywa maji yenye limau na kipande cha sukari guru. Jumatano vile vile. Niliacha kumpa mwanawe idadi. Nilimwambia mama anafunga. Akasema mama hufunga mara kwa mara, ni dini. Bibi alikuwa amelala ubavu ameelekea ukutani, na mkono uliokuwa juu ya shuka ulikuwa na bangili sita zilizolala karibu na kiwiko.

Nilikuwa nimedhani nikisema, mlango utafunguka. Ulifunguka kweli. Jumatano mchana alizifungua funguo kwenye pindo na kuziweka juu ya meza, zote nne. Ningeweza kutoka dakika ile. Nilikaa nazitazama. Mzee aliponiuliza kupitia mlango wa chuma kama jina langu aliandike, nilimwambia aliandike. Aliponiuliza kama nitaenda, nilirudi ndani.

Alhamisi gari lilikuwa la saa nane mchana, barabara ya Malaba. Saa nne niliingia chumbani kwake na begi begani.

"Mama, kula kwanza, niondoke."

"Wewe ondoka. Mimi hapana kula yako."

"Sijasema yangu. Nimesema kula. Vijiko kumi na viwili."

"Hata moja."

"Bei haianzi na hata moja. Taja na wewe."

Aligeuza uso kutoka ukutani. Huyu mama alikuwa amenifungulia na kunihesabia mafungu yangu ya kunde kila Jumanne kwa miaka kumi. Kuna kitu ndani yake ambacho njaa ilikuwa haijakifikia.

"Tatu," alisema.

"Vitatu anakula ndege. Kumi."

"Nne. Na mimi pika. Wewe simama nje ya mlango, mikono nyuma."

"Magoti je?"

"Magoti ya nani?"

"Tisa, na nakuwekea kiti mbele ya jiko."

"Kiti na weka. Tano."

"Nane, na mchele naupima mimi."

"Wewe hapana gusa mchele yangu. Sita."

"Saba, na vya kujaa."

Alitikisa kichwa vile wanavyotikisa, ambavyo mgeni hawezi kujua kama ni ndiyo au hapana. Mimi nilikuwa na wiki kumi na moja za kujifunza. Ilikuwa ndiyo.

Nilimshika mpaka jikoni, nikamwekea kiti, nikatoka, nikasimama nje ya mlango mikono nyuma kama mtuhumiwa. Aliwasha gesi kwa njiti ya tatu. Alipima unga kwa kiganja. Maji yalichemka kabla hajawa tayari, akamwaga unga wote kwa mara moja, na nikajua papo hapo kwamba utaota mabonge. Nilifungua mdomo.

"Nyamaza," alisema bila kugeuka.

Alisonga kwa mikono miwili. Mwiko ulimshinda nguvu, ukasimama, akapumzika, akausukuma tena. Kilishika chini, harufu ilinifikia pale nje, na vidole vyangu vilikuwa vinajikunja vyenyewe mgongoni. Chumvi aliyotia ilikuwa ya kawaida ya pakiti. Alipopakua, kilikuwa kigumu upande mmoja na kibichi upande mwingine. Nyanya yangu angekitupa kwa kuku.

Alikula kimoja, akatafuna bonge kwa subira. Viwili. Vitatu. Saa ilikuwa saa sita na nusu na mpaka lilipo gari kulikuwa na mwendo wa nusu saa.

"Hicho cha sita hakikujaa," nilisema.

"Kijiko yangu."

Alikula cha saba kikiwa kimejaa mpaka kinamwagika, akinitazama machoni muda wote, na alipomaliza akaweka kijiko chini kwa mlio. Hakuniaga. Alisema tu nifunge mlango wa uani kwa nje, ufunguo nimpe mzee wa getini.

Malaba tulisimama kwenye msururu mpaka jua likashuka, tukapimwa, tukavushwa, tukapelekwa kwenye bweni la shule upande wetu, vitanda ishirini na vinne. Nilimpigia binti yangu, safari hii akaja kwenye simu. Nilimwambia niko Kenya, zimebaki siku kumi na nne. "Nitahesabu mwenyewe," alisema, na nikasikia akimwomba nyanya yake kalamu.

Siku ya tatu bwenini nilimpigia bibi, saa nane mchana, saa ya mwanawe. Simu iliita mpaka ikakatika. Nilipiga tena.

"Nani?"

"Mama mboga."

"Iko wapi?"

"Kenya. Nimefungiwa. Umekula, Mama?"

"Nimekula."

"Umepika nini?"

"Magira." Alilitamka vizuri kabisa. "Bila ile maji yako."

"Vijiko vingapi?"

Nilidhani mtandao umekatika, nikaangalia simu, ilikuwa bado inahesabu sekunde.

"Mama. Vingapi?"

"Wewe iko Kenya," alisema. "Hapana hesabu tena vya kwangu."

Akaiweka simu mahali bila kuizima; alikuwa hajui kuizima, siku zote nilimzimia mimi. Nilibaki nayo sikioni. Nilisikia kiti kikiburutwa, halafu mwiko ukikwaruza sufuria, taratibu, ukiacha, ukianza. Mwiko kwenye sufuria yenye chakula una sauti yake, na kwenye sufuria tupu una yake. Mle bwenini watu ishirini na watatu walikuwa wanaongea, na sikuweza kutofautisha.